Amri Kabla ya Sababu: Mugumo wa Ihithe na Sheria ya Maumbile

Katika shule za sekondari za Tetu, kama kwingineko nchini Kenya, sheria ya maumbile hufika darasani ikiwa nukta katika orodha. Mwalimu wa CRE, somo la dini ya Kikristo, wa kidato cha nne huandika ubaoni misingi ya maadili ya Kikristo: Biblia, akili na tajriba ya binadamu, jumuiya ya Wakristo, sheria ya maumbile. Mwanafunzi hunakili, hukariri, akaja kuimwaga kwenye karatasi ya mtihani wa KCSE na kupata alama yake. Orodha imemwambia kwamba Mungu ameweka ndani ya viumbe utaratibu ambao akili ya mtu yeyote, awe Mkristo au asiwe, inaweza kuutambua. Haijamwambia mtu huutambuaje utaratibu huo, wala afanye nini jirani yake anapokitazama kiumbe kilekile akaona jambo jingine.

Kilomita chache kutoka Wamagana, makao makuu ya Tetu, ukipanda kuelekea msitu wa Nyandarua, kipo kijiji cha Ihithe. Hapo ndipo alipozaliwa Wangari Maathai tarehe 1 Aprili 1940, na watu wa Tetu ndio waliomchagua kuwa mbunge wao mwaka 2002. Katika kumbukumbu za maisha yake, Unbowed, zilizotoka mwaka 2006, kuna kisa cha mti wa mugumo ambacho husomwa sana kama kisa cha mazingira. Nakisoma hapa kama hoja ya maadili, tena hoja ambayo nguvu yake imo katika mpangilio: nani anasema kwanza, nani anafuata, na nani haachiwi nafasi ya kusema. Kikiwekwa kando ya namna Kanisa Katoliki lilivyozoea kuandika juu ya sheria ya maumbile, kisa hiki kinajibu swali ambalo maandishi rasmi hulipita mbio, na kinakwama kwenye swali jingine ambalo maandishi hayo hulimudu vizuri.

Kisa chenyewe ni kifupi. Mtoto Wangari anakwenda kutafuta kuni. Mama yake anamwonya asichukue chochote kutoka kwenye mugumo ulio karibu na nyumbani, hata kuni kavu zilizo chini yake. Sababu ni moja: huo ni mti wa Mungu, hautumiwi, haukatwi, hauchomwi. Mtoto anatii. Hatua kama mia mbili kutoka kwenye mti kuna kijito, Kanungu, chenye maji safi ya kunywa papo hapo. Kati ya majani ya nduma mtoto anaona mayai ya chura, anayadhania shanga, anajaribu kuyainua ayavae shingoni, na kila mara yanamponyoka na kukatika. Baadaye panakuwa na viluwiluwi tele. Kisha inaingia sauti ya mtu mzima: mizizi ya mugumo hupenya miamba hadi kwenye maji yaliyo chini ya ardhi, na maji hufuata njia hiyo mpaka yakapata upenyo na kububujika kuwa chemchemi. Kurasa nyingi mbele, Wangari aliyekwisha kurudi kutoka masomoni anakuta kipande kile cha ardhi kimepata mwenyewe mpya. Mugumo umekatwa kwa kuwa ulikula nafasi kubwa, mahali pake pamepandwa chai, na kijito kimekauka.

Tuanze na amri ya mama. Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae aliyoiandika kati ya 1265 na 1273, anaifafanua sheria kwa mambo manne: ni agizo la akili, linalolenga manufaa ya wote, limetolewa na mwenye dhamana juu ya jamii, na limetangazwa. Katazo la mugumo linatimiza sharti la nne bila shida, kwa maana sheria isiyoandikwa hutangazwa namna hiyo hasa: mzazi humwambia mtoto anapoelekea kwenye kazi. Sharti la tatu linatimia kwa mkono wa pili, kwa sababu mama hakuitunga sheria; anaifikisha kwa niaba ya mababu, na nyuma ya mababu kwa niaba ya Mungu. Manufaa ya wote yapo, lakini yamefichika, kwa kuwa hakuna anayemtajia mtoto maji. Linalobaki gumu ni sharti la kwanza. Je, kumwambia mtoto kwamba mti ni wa Mungu ni kumpa sababu, au ni kumnyamazisha?

Hapa uandishi wa Maathai unafanya jambo la makusudi. Angeweza kuanza na maji. Alikuwa na shahada ya baiolojia ya mwaka 1964 kutoka chuo cha masista Wabenedikto cha Mount St. Scholastica huko Kansas, ya uzamili kutoka Pittsburgh, na ya uzamivu kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971. Mwandishi mwenye mafunzo hayo angetarajiwa kueleza kwanza mizizi ifanyavyo kazi, halafu aseme kwamba kwa sababu hiyo mababu walikataza mti usikatwe. Mpangilio huo ungempendeza msomaji wa kisasa, lakini ungekuwa uongo kuhusu jinsi katazo lilivyomfikia. Amri ilitangulia. Maarifa ya mizizi yalikuja wakati yeye amekwisha kuishi ndani ya amri hiyo miaka mingi.

Mpangilio huu unagusa mjadala mzito kabisa wa falsafa ya maadili ya Kikatoliki katika karne ya 20. Mwanafalsafa David Hume alikuwa amelalamika, katika kitabu chake cha 1739 na 1740, kwamba waandishi wa maadili huanza kwa kueleza mambo yalivyo, kisha ghafla, bila kutoa hati yoyote ya kuvukia, wanajikuta wakisema mambo yanavyopaswa kuwa. Wengi walidhani lalamiko hilo limeizika sheria ya maumbile: kama maumbile ni mambo yalivyo tu, hakuna wajibu utakaochimbwa humo. Mwaka 1965 Germain Grisez aliandika makala ndefu kuhusu Swali la 94, kifungu cha 2, cha sehemu ya pili ya Summa, mahali ambapo Thoma anatamka kwamba kanuni ya kwanza ya akili ya utendaji ni kutenda na kufuata mema na kuepuka mabaya. Grisez alidai kwamba Thoma hakuwahi kuruka kutoka yalivyo kwenda yanavyopaswa. Akili inayohusika na kutenda ina chanzo chake yenyewe. Inaona moja kwa moja kwamba uhai, ujuzi na urafiki ni vitu vya kutafutwa, wala haisubiri ripoti ya mwanasayansi. John Finnis akaiendeleza hoja hiyo mwaka 1980 katika Natural Law and Natural Rights. Wengine, Ralph McInerny miongoni mwao, walipinga: ukiitenga kanuni na ujuzi wa maumbile ya mtu, walisema, unabaki na amri zinazoelea hewani.

Kisa cha mugumo hakikuandikwa kumjibu yeyote kati yao, ila mpangilio wake una msimamo. Mtoto hakukusanya habari za mti ili atoe wajibu humo. Alipokea wajibu, akauishi, na ndani ya kuuishi akaanza kukijua kitu alichokuwa akikilinda. Kuhusu namna tunavyofika kwenye sheria, kisa kinasimama upande wa Grisez. Lakini kinapofika kwenye swali la jinsi sheria inavyotetewa, kinageuka. Mwenye shamba mpya hakupokea amri ya mama yule, au kama aliipokea, haikumshika. Kwake mti ulikuwa kitu kinachoziba ardhi. Mbele ya mtu kama huyo, kusema kwamba mti ni wa Mungu hakutoshi, na kitu pekee ambacho kingeweza kumzuia ni yale maarifa ya mizizi na chemchemi, yaliyokuja kwa kuchelewa. Hapo McInerny anapata haki yake. Amri inaweza kumlea mtu kabla ya sababu, lakini haiwezi kudumu bila sababu katika kijiji ambacho si kila mtu amelelewa nayo.

Ndiyo maana sauti ya pili, ile ya mtu mzima msomi, imewekwa ilipowekwa. Maathai haisubirishi mpaka mti ukatwe. Anatoa maelezo ya maji mara tu baada ya mchezo wa mayai ya chura, mugumo ukiwa bado umesimama kwenye ukurasa. Msomaji anafika kwenye habari ya kukatwa akiwa na kile alichokikosa mwenye shamba. Na hakuna hotuba pale: sentensi za kukatwa kwa mti ni chache na kavu, mwenye shamba hatukanwi wala hatajwi jina. Ana sababu zake, tena za kueleweka. Chai ni ada ya shule na bati la nyumba, na yeyote aliyelelewa kwenye miteremko ile anajua mkulima mdogo huhesabu kila mstari wa miche. Mwandishi anamwacha mtu huyu abebe sababu yake ya kawaida, na ukubwa wa hasara unaonekana kwa kuwekwa karibu na udogo wa sababu hiyo.

Linganisha na umbo la Thoma. Kila kifungu cha Summa huanza kwa kumpa mpinzani nafasi. Katika Swali la 94, kifungu cha 2, zinatangulia hoja tatu zinazodai kwamba sheria ya maumbile ina kanuni moja tu. Inafuata kauli ya upande wa pili, kisha jibu la Thoma mwenyewe, kisha majibu kwa kila hoja moja baada ya nyingine. Jibu lenyewe linapanda kwa ngazi: mielekeo tuliyo nayo pamoja na vitu vyote, kama kujihifadhi; ile tuliyo nayo pamoja na wanyama, kama kuzaa na kulea; na ile ya akili peke yake, kama kutafuta ukweli juu ya Mungu na kuishi katika jamii. Ni umbo la baraza la wazee waliokubaliana kwamba hakuna atakayeondoka kabla ya mwenye lalamiko kusikilizwa. Faida yake ni haki kwa mpinzani. Mwenye shamba la chai, angeingia katika Summa, angepewa hoja ya kwanza na angejibiwa kwa jina la hoja yake.

Hasara yake ni kwamba katika kifungu hakuna mama. Sheria inaonekana kana kwamba kila mtu huigundua akiwa mzima, ameketi, ana kalamu. Thoma mwenyewe alijua mambo hayako hivyo: katika kifungu cha 4 cha Swali hilohilo anakiri kwamba mahitimisho ya sheria ya maumbile hayajulikani sawasawa kwa wote, na anatoa mfano wa Wajerumani wa kale ambao, kwa habari za Julius Caesar, hawakuona unyang'anyi kuwa kosa. Anajua kwamba mazoea huifungua akili au huiziba. Ila umbo la kifungu halina nafasi ya kuonyesha mazoea yakifanya kazi juu ya mtoto mmoja siku moja akitafuta kuni. Maathai anaonyesha hilo peke yake, na analionyesha vizuri.

Kuna neno moja dogo katika sauti ya mtu mzima ambalo wasifu wa sherehe hulipuuza. Maathai anakiri kwamba desturi za namna hii zilihifadhi viumbe bila watu kukusudia uhifadhi. Ni ukweli unaoiumiza hoja yake kidogo, na ameuacha wazi. Kama wazee hawakuwa na habari ya maji, basi katazo lilikuwa na matokeo mema kwa bahati, na sheria ya maumbile haiwezi kujengwa juu ya bahati, kwa kuwa inadai kuwa kazi ya akili. Yapo majibu mawili. Msomi wa Thoma atasema kila kiumbe hushiriki sheria ya milele kwa mwelekeo wake, na mwanadamu huishiriki kwa akili. Desturi inaweza kubeba akili ambayo hakuna mtu mmoja anayeimiliki yote. Jibu la pili, ambalo naliona thabiti zaidi, ni kwamba wazee walikusudia kitu fulani, ila si kile tunachokitafuta. Katika Facing Mount Kenya, kitabu cha 1938, Jomo Kenyatta anaueleza mugumo kuwa mahali pa kutolea sadaka kwa Ngai, Mungu wa Wakikuyu. Walikusudia kwamba kiwepo kitu kimoja mbele ya macho ya kijiji ambacho hakuna mtu anayekitumia. Hilo ni tendo la akili, na maji yalikuwa mojawapo ya matunda yake.

Hapa sasa ndipo kisa kinapokwama. Amri iliyochaguliwa ni amri iliyoshinda: ilikuwa na siri njema ndani yake, na sayansi ikaifichua. Lakini mila hiyohiyo ilibeba amri nyingine. Mwaka 1929 mgogoro wa tohara ya wasichana uliyagawanya makanisa ya Wakikuyu na ukazaa shule huru zilizojitenga na wamisheni. Tohara hiyo nayo ilipokewa kwa mama na nyanya, nayo ilitangulia sababu, nayo ilitiiwa. Msomaji anayefuata umbo la kisa peke yake hana njia ya kutenganisha katazo la mugumo na agizo la kisu. Yote mawili yana sauti ya mzazi na uzito wa mababu. Akisema atasubiri matokeo ya sayansi, amekwisha kuliacha wazo kwamba amri inaweza kutangulia sababu kihalali; akisema ataheshimu kila kilichorithiwa, ameyakubali mabaya pamoja na mema.

Kifungu cha Thoma kinajua la kufanya. Katika Swali la 97, kifungu cha 3, anakubali kwamba desturi inaweza kuwa na nguvu ya sheria, hata kufuta sheria iliyoandikwa, lakini haiwezi kuishinda sheria ya maumbile. Kipimo ni mema yenyewe: uhai na uzima wa mwili, malezi ya watoto, ukweli, kuishi pamoja kwa amani. Katazo la mugumo halikuyadhuru hayo na liliyasaidia baadhi. Agizo la kisu huumiza mwili wa mtoto asiyeweza kukubali wala kukataa. Hukumu hiyo haihitaji kusubiri miaka thelathini tuone kijito kitakuwaje. Panapohitajika kuchuja mila, umbo lenye hoja za wapinzani na majibu linakishinda kisa.

Maathai alikisimulia kijito kile mara nyingine, mbele ya watu tofauti kabisa. Tarehe 10 Desemba 2004, akipokea Tuzo ya Amani ya Nobel mjini Oslo, alifunga hotuba yake kwa kijito, majani ya nduma, mayai yaliyofanana na shanga, na viluwiluwi. Katika aya hizo za kufungia mugumo hautajwi, na mama yupo tu kama mtu anayechotewa maji. Kinachobaki ni uzuri uliopotea na wito wa kuwarudishia watoto. Hotuba ilihitaji kueleweka na kila aliyekuwa ukumbini na ikafanikiwa. Lakini kwa msomaji wa maadili toleo la Oslo ni dhaifu zaidi, kwa sababu limeondoa katazo. Linatwambia tumepoteza nini bila kutwambia kwamba kulikuwa na sheria iliyovunjwa. Ukiondoa amri, hasara inakuwa kama ukame, jambo lililotokea tu. Ukiirudisha, kuna mtu aliyetenda.

Ipo hotuba nyingine ya kuwekwa kando ya kisa hiki. Tarehe 22 Septemba 2011 Papa Benedikto XVI alihutubia Bunge la Ujerumani mjini Berlin juu ya misingi ya sheria. Alianza na Sulemani akiomba moyo wa kusikiliza, akakosoa fikra inayokubali tu kile kinachoweza kupimwa, akaifananisha na jengo la zege lisilo na dirisha. Halafu akawashangaza wengi kwa kuisifu harakati ya mazingira ya miaka ya 1970: vijana wa harakati hiyo walihisi kwamba maumbile yana heshima yake na maagizo yake. Kutoka hapo akavuka kusema kwamba mwanadamu naye ana maumbile asiyoweza kuyachezea apendavyo, hoja ambayo Papa Fransisko aliichukua tena katika Laudato Si' mwaka 2015. Siku tatu baada ya hotuba ya Berlin, Wangari Maathai alifariki Nairobi. Benedikto alikwenda kutoka mti hadi mtu. Maathai alikwenda kutoka mtu, mama anayeagiza, hadi mti. Njia ya Benedikto ina ugumu wake: msikilizaji anaweza kuupenda msitu na bado asione kwa nini mwili wake mwenyewe uwe na sheria. Ya Maathai inauepuka ugumu huo, kwa sababu mti wake haukuwahi kuwa kitu cha kutazamwa tu. Tangu sentensi ya kwanza ulikuwa ndani ya uhusiano wa mtoto na mzazi, wa ukoo na Mungu.

Hata hivyo hakuna katekisimu katika sentensi hiyo. Maathai aliingia Kanisa Katoliki akiwa mwanafunzi wa bweni katika shule ya St. Cecilia, misheni ya Mathari, chini ya masista wa Konsolata, akachukua jina Mary Josephine. Amri ya mugumo ilikuwa imekwisha kumkaa kabla hajakanyaga Mathari. Paulo aliwaandikia Warumi kwamba watu wasio na Torati wanaweza kuonyesha matakwa yake yameandikwa mioyoni mwao. Mwaka 2009 Tume ya Kimataifa ya Teolojia, katika hati yake kuhusu sheria ya maumbile, ilianza kwa kuzipitia hekima za dunia, za Afrika zikiwemo, kabla ya kufika kwa Thoma. Kanisa linakiri basi kwamba sheria hii haikuletwa na meli. Inavyofundishwa katika orodha ya CRE, inaonekana kana kwamba ililetwa.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya maumbo haya matatu ni hii. Orodha ndiyo dhaifu kupita yote, kwa kuwa inataja sheria bila anayeipokea na bila anayeipinga. Kifungu cha Thoma kinamheshimu anayepinga. Kisa cha Maathai kinamheshimu anayepokea. Mwalimu wa Tetu anayetaka somo lake liwe na uhai hana haja ya kuchagua kati ya hivi viwili vya mwisho: awaulize wanafunzi ni makatazo gani waliyapokea nyumbani kabla ya kupewa sababu, kisha ayapitishe moja baada ya jingine kwenye hoja na majibu, akimpa mwenye shamba la chai nafasi ya kusema kwanza. Baadhi ya makatazo yataanguka, na yanastahili kuanguka. Yatakayobaki yamesimama yatakuwa na kitu ambacho katazo la mugumo lilikikosa siku shoka lilipofika: mtu wa kuyatetea kwa sababu zinazoweza kusikika hata kwa asiyemjua mama aliyeyatoa.